Nilishinda Kesi, Riziki Akapoteza Kiti cha Udaktari

Nimekosa mimi. Naanza hapo makusudi ili usipoteze muda kunitafutia sababu. Hakuna aliyenituma, hakuna shetani aliyenishika mkono. Nilikuwa na akili zangu zote timamu, na nilifanya nilichofanya.

Na huruma yako kaa nayo. Nawajua nyinyi mnaosoma maungamo ya watu. Mnapenda mtu alie kidogo, halafu mnaandika chini yake "pole dada, Mungu ni mwema", mnaendelea na chai yenu. Mimi sitaki pole. Naandika kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni na pale Rubondo hakuna tena mtu anayetaka kunisikiliza. Kiswahili changu ni cha Kivu kilichochanganyika na cha Uganda. Kama kinakukera, ishia hapa.

Mimi ni mkimbizi. Nilitoka Fizi, kule Kongo, na mama yangu, tukapewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale hapa Uganda, tukalima mahindi na maharage kama wengine. Diploma yangu ya sekondari niliipata kule Kongo. Kiingereza nilijifunzia hapa kambini, kwa shida kweli kweli. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, bila barua ya kazi, na kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba mimi nitakuwa daktari. Sio muuguzi, sio mhudumu. Daktari.

Kiwanja kilichopakana na chetu kilikuwa cha familia ya msichana nitakayemwita Riziki. Sio jina lake. Yeye alikuja mtoto, akasoma Uganda hapa hapa mpaka kidato cha sita. Alikuwa ananiita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Alikuwa ananisaidia Kiingereza, mimi namfundisha biolojia, tumekaa kwenye benchi la kanisa mchana wakati hakuna ibada.

Riziki ana kigugumizi. Sio kile cha kuchekesha watoto. Anashikwa haswa, mishipa ya shingo inasimama, macho yanamtoka, na neno halitoki. Watu wenye haraka humalizia sentensi yake kisha wanaondoka wakidhani wamemsaidia. Lakini kichwa chake ni chepesi kuliko changu. Nimeandika sentensi hiyo kwa shida, na nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha.

Basi, kuna chuo kimoja cha udaktari Mbarara, cha binafsi. Jina lake silitaji, kimeshaniona vya kutosha. Kila mwaka walikuwa wanaweka kiti kimoja kwa mkimbizi, kila kitu kimelipiwa. Kiti kimoja kwa Nakivale nzima. Unafanya mtihani wa kuandika, halafu unaitwa chumbani kujibu kwa mdomo mbele ya wasahihishaji wawili. Kila mmoja ana karatasi yake, anakupa alama zake, halafu zinajumlishwa.

Tulienda pamoja, mimi na Riziki, kwenye boda moja. Mtihani wa kuandika nilimaliza mapema. Nikaweka kalamu chini, nikakunja mikono, nikawa nawaangalia wengine wanavyohangaika. Nilimwona Riziki bado anaandika, nikamwonea huruma. Mimi nilimwonea yeye huruma.

Halafu tukaitwa chumbani mmoja mmoja kujibu kwa mdomo, na majibu ya jumla yakabandikwa. Riziki wa kwanza. Mimi wa pili, nyuma yake kwa alama nne.

Nilisimama mbele ya ule ubao nikasoma mara tatu. Kitu cha kwanza kilichonijia, nakiandika kama kilivyokuja, ni hiki: mtu mwenye kigugumizi anishinde mimi kwenye mtihani wa kusema? Haiwezekani. Kuna mtu ameniibia. Wamenipunguzia kwa sababu ya lafudhi yangu, kwa sababu diploma yangu ni ya Kongo, kwa sababu sikusoma shule zao. Riziki alikuwa ananishika mkono, analia, anataka tufurahi. Nikamwambia hongera mdogo wangu. Nikamwambia nina kichwa kinauma.

Jumapili iliyofuata Riziki alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Hapa lazima nikueleze kitu, maana ndipo uovu wangu ulipoanzia.

Kwetu, ushuhuda ni mali ya Mungu. Mtu anasimama mbele anasema mambo ambayo hata mume wake hayajui. Mmoja atasema alivyoiba mbuzi wa jirani, mwingine alivyoshika sumu mkononi akitaka kuinywa. Watu wanapiga makofi, wanalia, wanaimba. Ibada ikiisha hakuna anayeyagusa tena. Humkumbushi mtu kisimani alichoshuhudia. Humuulizi. Hakuna pasta aliyewahi kutangaza sheria hiyo, ila ukiwaona watu wanavyotoka mlangoni na nyuso zao za kawaida unajua wote wanaishika.

Mama yake Riziki alikuwa amenipa kazi. Kaka yake, mjomba wa Riziki, yuko Kanada, alitaka kuona mtoto akishuhudia. Simu yangu ilikuwa nzuri kuliko yao. Kwa hiyo mimi ndiye nilikaa benchi la mbele na kumrekodi.

"Bwana Yesu asifiwe," Riziki akasema. "Miye munanijua, kusema ni shida. Siku ile baliniita mbele ya batu bawili, mama moja na muzee moja. Yule mama alikuwa anaangalia saa kila mara, nikashindwa hata kutaja jina langu. Halafu simu yake ikalia, akatoka, hakurudia upesi. Yule muzee akaniambia, mutoto, sema polepole, hatukimbie fasi yoyote. Nikasema yote. Yote yenye nilikuwa najua. Mama akarudia kwenye mwisho, akaangalia karatasi ya muzee, akaandika vile vile, akatia sahihi. Mungu njo alimutosha inje yule mama."

Na alisema yote hayo bila kukwama hata mara moja. Kanisa lilisimama. Mama yake alipiga magoti kwenye udongo. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nawaza: kumbe alisahihishwa na mtu mmoja.

Siku ya tatu nilikuwa kwa wakili. Alikuwa Mnyankore, mwanamke mwenye umri kama wangu, anafanya kazi na shirika linalosaidia wakimbizi bure. Alikuwa anakuja Nakivale kila wiki na anakaa na watu kwenye kibanda cha turubai. Nikamwekea simu mezani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nyabo, mama, sikiliza mimi vizuri," akaniambia. "Koti haiwezi sahihisha mtihani. Jaji hawezi kukupa hata alama moja. Yeye naangalia tu kitu kimoja, hawa watu walifuata sheria yao wenyewe, ama hapana. Sheria yao nasema wasahihishaji ni wawili, kila mtu na alama yake. Hapa huyo wa pili alikopi. Hiyo iko kosa, tunaweza peleka mbele ya jaji."

"Peleka."

"Huyu msichana kwa simu ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Jirani."

"Yeye najua hii kesi itagusa alama zake?"

"Anajua."

"Alikubali?"

"Alikubali. Anaogopa tu kuja."

Nilimdanganya nikimwangalia machoni. Sikuwa hata na jasho.

Akanieleza kwamba kwa kuwa kesi inamgusa Riziki, lazima apelekewe nakala za karatasi zote, atie sahihi kwamba amezipokea, ili akitaka aje kujitetea. Riziki alikuwa ameshahamia Mbarara, ameanza masomo. Wakili alitaka kumtuma karani wa ofisi yake. Nikasema hapana, usimsumbue karani, sisi ni kama ndugu, nitampelekea mimi mwenyewe. Akaniamini. Watu huniamini, nina sura ya mwalimu.

Nilikaa kwenye hoteli ndogo karibu na kituo cha mabasi Mbarara, nikaagiza chai ya maziwa, nikaandika jina la Riziki chini ya ile karatasi. Mwandiko wake niliujua, nilikuwa nimemsahihishia madaftari miaka mitatu. Ile R yake yenye mkia, nikaiweka. Nakala zake nilirudi nazo Rubondo nikaziwashia moto chini ya sufuria ya maharage. Mama yangu akauliza karatasi gani hizo. Nikamwambia mazoezi ya watoto.

Siku ya kesi nilivaa kitenge changu kizuri. Wakili wangu aliongea, nikajiona mtu mkubwa. Halafu akasimama wakili wa chuo, mwanamume mwembamba, mpole sana, nikamchukia papo hapo. Akasema chuo hakina ubaya na huyu mama, ila waliona vizuri mahakama ione karatasi yake ya mtihani, na yeye mwenyewe aione. Akaniletea mkononi.

Nikapitia ukurasa wa kwanza. Walinipa alama zangu. Wa pili, hivyo hivyo. Hawakunipunguzia popote, hata fasi ambayo Kiingereza changu kilikuwa kibovu. Nikafika karatasi ya mwisho, na yule mwanamume akasema kwa sauti ya chini, "Tafadhali geuza."

Niseme jambo moja la shule zetu. Kule Kongo, karatasi ilikuwa shida. Mwalimu anaandika maswali ubaoni. Wewe unajibu upande wa mbele, na upande wa nyuma ni bruyo, fasi ya kujaribia hesabu na kuchafua. Hakuna mwalimu anayesoma nyuma. Hakuna mwanafunzi anayetafuta swali nyuma. Nimesoma hivyo toka utoto mpaka diploma. Na ule mtihani wa Mbarara, karatasi nne za kwanza zilikuwa wazi nyuma, nikafanyia hesabu zangu huko kama nilivyozoea. Ya tano sikuhitaji kufanya hesabu. Sikuigeuza.

Nikaigeuza pale mahakamani. Maswali mawili yamechapishwa, na chini yake nafasi nyeupe. Swali moja lilikuwa la figo. Figo nilimfundisha Riziki mimi, kwenye benchi la kanisa, nikimchorea udongoni kwa kijiti.

Hakuna aliyeniibia. Nilikuwa nimeacha upande mzima wa maswali, nikakunja mikono, nikaonea wengine huruma.

Wakili wangu aliiona. Akainama sikioni kwangu. "Nyabo, tunaweza toa kesi leo, hakuna mtu atakasirika. Hawa hawakuiba kitu yako. Kile kimebaki hapa naumiza huyo msichana peke yake."

Sasa nataka usome hapa vizuri, maana watu wakinisema Rubondo wanasema habari ya ile simu. Simu ilikuwa kosa, sahihi ilikuwa kosa. Lakini pale bado ningeweza kusimama, nikachukua mkoba wangu, nikarudi kwenye mahindi yangu, na Riziki asijue kitu mpaka leo. Mlango ulikuwa wazi. Nimeambiwa ukweli, nimeuona kwa macho yangu, nimepewa njia ya kutokea.

Nikasema, "Tuendelee."

Unajua kwa nini? Kwa sababu aibu ilikuwa imenijaa, na nilitaka mtu mwingine aanguke. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana na haipo. Ningeanguka peke yangu ningekufa, na yeye alikuwa anavaa koti jeupe huko mjini.

Wakili wa chuo akauliza kama huyu Riziki kweli alipata habari ya kesi, maana chuoni hajasema neno kwa mtu yeyote. Jaji akaagiza aletwe kikao kinachofuata.

Akaja. Alikuwa ametoka darasani, koti jeupe amelikunja kwenye mkono. Aliponiona alitabasamu, akadhani nimekuja kwa ajili yake. Halafu wakamsomea kesi ni ya nani, inadai nini, na kwamba ushahidi ni ushuhuda wake wa kanisani uliotoka kwenye simu yangu, na nikamwona uso wake unavyofunga.

Wakampa ile karatasi. Jaji akamuuliza, hii sahihi ni yako?

Hapo nilijua nimekwisha. Kughushi karatasi ya mahakama, na mimi mkimbizi, naenda jela moja kwa moja. Riziki aliitazama ile R yenye mkia. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kisha akaanza kushikwa, mbele ya watu wote wale, shingo imesimama, mdomo wazi, hakuna sauti. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Jaji akangoja.

"Ndiyo," Riziki akasema. "Ni yangu."

Akaulizwa kama ana la kusema juu ya madai yenyewe. Akatikisa kichwa.

Uamuzi ukasomwa baada ya wiki chache. Jaji akasema mahakama haiwezi kunipa alama wala kiti, na dai langu la kiti akalitupa. Lakini alama za mdomo za Riziki zimetolewa kinyume cha utaratibu wa chuo chenyewe, basi zinafutwa, na ahojiwe upya mbele ya wasahihishaji wawili kamili. Wakili wangu alinipa mkono bila kuniangalia. Nilishinda. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi, kwamba nilishinda.

Walimtoa darasani, wakampangia siku. Safari hii walifuata sheria zote. Wasahihishaji wapya wawili kila mtu na karatasi yake, karani pembeni anaandika, mtu wa ofisi anashuhudia kwamba hakuna anayetoka nje. Watu wanne wenye kalamu. Ni wakili wangu aliyenisimulia, na alinisimulia kwa ukali, anataka nisikie kila kitu. Hawakumtukana, hawakumkatiza. Walimngoja kwa dakika zilizopangwa. Riziki alikwama kwenye swali la kwanza, akakwama hapo hapo mpaka muda ukaisha. Wasahihishaji wote wawili, kila mtu kwa karatasi yake, wakaandika walichosikia. Hawakuwa wamesikia kitu.

Kiti kilibaki wazi mwaka mzima. Mimi sikukipata, alama zangu hazikufika kiwango cha chuo. Mkimbizi hata mmoja hakusoma udaktari pale mwaka ule, na kazi hiyo niliifanya mimi.

Rubondo hawakunifukuza. Ningependa wangenifukuza. Walinisalimia, waliniuzia nyanya, walinipisha kisimani. Lakini Jumapili pasta akiita ushuhuda na mimi nimo ndani, kanisa zima linatazama miguu yake. Hakuna anayesimama. Pasta anangoja, anangoja, halafu anaita wimbo. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja mama yangu mzazi, niliyekimbia naye kutoka Fizi, akaniambia huku anakunja kanga yake, "Mutoto wangu, leo ubakie nyumba. Batu bashuhudie kidogo."

Nikabaki. Nilisikia makofi kutoka uani kwetu.

Riziki hakurudi kambini. Alipata kazi Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, katika duka la vitambaa la familia moja ya Waislamu, watu wazuri. Nilimfuata. Nilijiambia naenda kuomba msamaha, lakini nikikueleza ukweli nilikuwa na swali na lilikuwa linanichoma. Nilimkuta anakunja vitenge. Hakunifukuza na yeye.

Nikamuuliza, "Kwa nini ulisema ni sahihi yako?"

Sitaandika ilimchukua muda gani kujibu. Naandika maneno tu.

"Ningesema hapana bangekufunga. Mama yako angebakia na nani?"

"Na wewe? Hukufikiria kiti chako?"

"Miye nilifikiri nitaweza kusema tena," akasema. "Si niliweza mara ya kwanza?"

Unajua nilifanya nini? Nilimkasirikia. Ndiyo, yeye. Nilimwambia alikuwa mjinga, kwamba angejitetea, kwamba hakuna aliyemwomba wema wake. Nilipayuka dukani kwa watu mpaka mwenye duka, mzee wa kanzu, akaja kusimama kati yetu na kuniambia, "Mama, hapa ni mahali pa kazi. Shusha sauti ama nenda." Nikamwambia Riziki basi omba tena mwakani, wewe una akili, utapita. Akatikisa kichwa. Mteja alikuwa ameingia. Riziki akampimia kitambaa, akakata, akakunja, akampa, bila kutoa neno hata moja.

Nikatoka. Msamaha sikuuomba, hata nilikuwa nimeusahau.

Sasa utauliza mimi niko wapi. Hapa ndipo mtakaponitukana, na mnitukane.

Mwaka uliofuata chuo kilifungua tena kile kiti. Riziki hakuomba. Mimi niliomba. Niligeuza kila karatasi mara mbili, mbele na nyuma. Chumba cha mdomo nikaingia, wasahihishaji wawili wamekaa, nikaongea kama redio. Nikapita. Kiti kile kile cha mkimbizi. Nimekikalia, nipo mwaka wa pili sasa, na nafanya vizuri, walimu wananipenda. Kama ulikuwa unangoja niseme nimekuwa kichaa au nimekatwa mguu, pole, sio hivyo ilivyokuwa.

Juzi walitutuma kwenye vituo vya afya kujifunza na wagonjwa. Mimi nikapangiwa Nakivale kwa sababu nazijua lugha za pale. Kazi yangu ilikuwa kupima presha na kumuuliza mgonjwa maswali ya mwanzo, anaumwa nini, toka lini, wapi. Naandika kwenye karatasi, daktari mkubwa anaisoma ndipo anamwita.

Katika foleni alikuwemo mama yake Riziki. Amekonda, mkono mmoja ameukandamiza tumboni. Alipofika zamu yake akaniona. Nilifikiri atatema mate, atapiga kelele. Nilikuwa tayari, hata nilitamani.

Akaketi. Akanipa mkono wake mwenyewe, nikamfunga kitambaa cha presha, nikapima. Ilikuwa juu sana. Nikaandika.

"Mama Riziki," nikamwambia, "unaumia wapi?"

Akarudisha mkono tumboni.

"Ni tumbo? Ni upande gani? Toka lini?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ndiyo naiona mpaka sasa nikifunga macho.

"Weye ni munganga, sikatai," akasema. "Umesoma. Fungia mukono, pima byote byenye unapima. Lakini miye sitakuambia fasi yenye inaniuma."

"Mama, nisipoandika daktari hatajua pa kuanzia."

"Sitakuambia," akarudia, taratibu, anavyosema mtu na mtoto. Akavuta kanga yake, akarudi kukaa kwenye benchi kungoja mtu mwingine. Mtu mwingine hakukuwepo siku ile. Alasiri nilitoka kumtazama nikakuta benchi ni tupu, amekwenda na maumivu yake. Sijui kama ni ini, sijui kama ni figo.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda mahakamani juu ya mtihani wako, nenda. Sikukatazi. Kama wamekuibia alama, wakamate, wavue nguo mbele ya jaji, ni haki yako. Lakini siku utakayoletewa karatasi yako mwenyewe na kukuta ni wewe uliyeacha pengo, funga mdomo, chukua mkoba wako, rudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usitafute wa kuanguka naye. Na neno ambalo mtu alimwambia Mungu mbele yako, liache pale pale alipolisema.

Usiponisikia, utapata unachokitaka. Utavaa koti jeupe, utakaa kwenye kiti, kalamu mkononi, na wale waliokulea watakuja mbele yako wagonjwa na hawatakuambia wanaumwa wapi.